Picha Ni Shanga: Tuelewe Nukta za Simu na TV Zetu

Mazungumzo haya yalitolewa kwenye semina ya viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Isiolo. Tumeyaandika hapa ili vikundi ambavyo havikufika navyo viyasome na kuyajadili.

 

Leo nimeombwa nizungumze juu ya kitu kidogo sana, kidogo hata kwa macho ya kawaida hukioni. Kinaitwa pikseli. Najua wengine wanasema moyoni, "Dada, sisi tuna shida ya maji na malisho, hiyo pikseli ni ya nini tena?" Subirini kidogo. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, halafu nyinyi mtaniambia kama jambo hili ni dogo.

MADAFTARI YALIYOLOA

Mwaka 2023 nilikuwa nikitembelea kikundi kimoja cha akina mama kando ya mto Ewaso Nyiro. Walikuwa wanachama 22. Kila juma waliweka akiba, na katibu aliandika yote katika madaftari manne. Siku moja nikawaambia, tuyapige picha madaftari haya yasije yakapotea. Wazo lilikuwa zuri. Lakini nilikuwa na haraka, gari lilikuwa linanisubiri. Basi nikayapanga yote manne juu ya mkeka yakiwa wazi, nikasimama juu yake, nikapiga picha moja. Nikaituma kwa katibu kwa njia ya WhatsApp. Baadaye simu yangu ikajaa, nikaifuta picha ile ya kwanza, maana nilijua nyingine iko kwa katibu.

Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mvua kubwa zikaja na mto ukafurika. Maji yakaingia nyumbani kwa katibu. Madaftari yalitoka humo yakiwa kama uji. Akina mama hawakuogopa sana. Walisema, "Picha ipo."

Tukaifungua. Ukiitazama hivi hivi ilikuwa nzuri: madaftari manne, mistari yake, hata maua ya mkeka. Tukaikuza kwa vidole viwili ili tusome. Kadiri tulivyoikuza, ndivyo maandishi yalivyogeuka kuwa miraba ya kijivu. Hii ni 3 au 8? Ile ni 1 au 7? Kwa wanachama 9 hatukuweza kujua.

Tulikaa siku mbili chini ya mti. Waliotuma pesa kwa M-PESA walionyesha ujumbe kwenye simu zao, hao wakasaidika. Waliolipa taslimu walibaki na kumbukumbu tu. Mama mmoja mjane alisema yeye aliweka shilingi 1,800. Picha ilionyesha kitu kama 1,300. Maneno yakaanza kupanda. Yule mama alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Andikeni 1,300. Sitaki kikundi kivunjike kwa sababu yangu." Ikaandikwa 1,300.

Ndugu zangu, zile shilingi 500 hazikuchukuliwa na mto. Zilipotea siku ile niliyopiga picha nikiwa na haraka. Ndiyo sababu nilikwenda kujifunza jambo hili, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

PICHA NI SHANGA

Akina mama Wasamburu, Waturkana na Waborana mlio hapa, kazi ya shanga mnaijua kuliko mimi. Ukitaka mkanda wenye umbo la ngamia unafanya nini? Unapanga shanga safu kwa safu: nyeupe hapa, nyekundu pale, nyeusi kule. Ushanga mmoja peke yake si ngamia, ni rangi moja tu. Ukiuweka mkanda karibu na jicho, unaona shanga. Ukiuweka mbali, unaona ngamia.

Kioo cha simu yako ni hivyo hivyo. Kimejaa nukta ndogo sana zilizopangwa safu kwa safu, na kila nukta huonyesha rangi moja kwa wakati mmoja. Nukta hiyo ndiyo pikseli. Na hesabu ya nukta, ngapi kwa upana na ngapi kwa urefu, ndiyo inayoitwa rezolusheni. Basi. Mengine yote tutakayosema leo yanatoka hapo.

Sasa chukua mkanda wa ukubwa ule ule, lakini upewe shanga kubwa kama maharagwe. Utatengeneza ngamia, labda. Lakini jicho la ngamia utaliweka wapi? Jicho ni dogo kuliko ushanga wenyewe. Huwezi kuliweka, hata ukiwa fundi namna gani. Shanga chache hubeba habari chache.

Mambo haya yalianza zamani kidogo. Mwaka 1957 huko Marekani, Bwana Russell Kirsch na wenzake walichukua picha ya mtoto wake, mchanga wa miezi mitatu, wakaiingiza katika kompyuta. Ilikuwa na nukta 176 kwa upana na 176 kwa urefu. Ukizidisha unapata nukta 30,976. Inahesabiwa kuwa ndiyo picha ya kwanza kuingizwa katika kompyuta kwa njia hii. Neno pikseli lenyewe lilionekana katika maandishi mwaka 1965, likitumiwa na Frederic Billingsley, mtu aliyekuwa akishughulikia picha zinazotumwa kutoka anga za juu.

JARIBIO LA TONE LA MAJI

Mkitaka kuona kwa macho yenu, fanyeni hivi. Washa simu, fungua mahali penye rangi nyeupe tupu. Chovya kijiti cha kiberiti katika maji safi, uweke tone moja dogo sana juu ya kioo, mbali na tundu la kuchajia. Tone la maji hukuza kama miwani ya kukuzia. Angalia ndani yake kwa makini. Hutaona nyeupe. Utaona vijinukta vyekundu, vya kijani na vya buluu. Ukimaliza, pangusa.

Kwa kawaida pikseli moja ina taa ndogo tatu za rangi hizo. Zikiwaka zote tatu kwa nguvu, jicho linaona nyeupe. Nyekundu na kijani zikiwaka bila buluu, unaona manjano. Zote zikizimwa, ni nyeusi. Katika vioo vingi kila taa ina ngazi 256 za mwanga, na ukizichanganya unapata rangi zaidi ya milioni 16. Kwa hiyo kioo chako ni kama fundi wa shanga mwenye rangi tatu tu, lakini anajua kuzichanganya.

HESABU ILIYOTUPONYOKA

Turudi kwenye mkeka. Nataka tuhesabu pamoja, maana hapa ndipo kosa lilipo.

Kamera ya simu yangu inaandikwa megapikseli 12. Maana yake picha moja ina nukta 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Ni nyingi. Lakini WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza ili isile bando. Picha iliyofika kwa katibu ilikuwa na nukta 1,600 tu kwa upande wake mrefu.

Madaftari yote manne yalitanda juu ya mkeka karibu sentimita 120. Gawanya nukta 1,600 kwa milimita 1,200. Unapata nukta 4 kwa kila milimita 3. Na tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu ina urefu gani? Kama milimita 3 hivi. Kwa hiyo kila tarakimu ya akiba ya wale akina mama ilipewa nukta 4 kwenda juu. Leo jioni mkifika nyumbani, chukueni shanga, mjaribu kuandika 3 na 8 kwa safu nne tu. Mtaona zinavyofanana.

Sasa, kama ningepiga ukurasa mmoja mmoja? Ukurasa wa daftari la shule una urefu wa sentimita 20 hivi. Nukta zile zile 1,600 kwa milimita 200 ni nukta 8 kwa kila milimita. Tarakimu moja ingepata nukta 24. Ingesomeka vizuri, hata baada ya WhatsApp kuipunguza. Simu ni ile ile, WhatsApp ni ile ile, na bando lingeongezeka kidogo tu. Ningechelewa dakika kumi.

KUKUZA SI KUONGEZA

Watu wengi hufikiri kwamba ukikuza picha kwa vidole unasogea karibu na kitu. Sivyo. Unasogea karibu na shanga. Kama picha ina nukta nyingi kuliko kioo, kukuza kunakusaidia mpaka nukta hizo ziishe. Zikiisha, simu inanyoosha zile zile zilizopo, na hapo miraba inaanza.

Hapa kuna mtego ambao vijana wetu huingia. Anafungua picha ya barua au ya kitambulisho, anapiga picha ya skrini, halafu anatuma hiyo. Picha ya skrini huchukua nukta za kioo tu. Simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha nukta 720 kwa 1,600, ambazo ni 1,152,000. Picha ya nukta milioni 12 imegeuka kuwa ya milioni 1 na kidogo. Umetupa shanga tisa katika kila kumi, na hazirudi.

Mtasikia pia juu ya programu zinazosafisha picha iliyofifia. Tuwe waangalifu. Programu hiyo haikuwepo siku ya kupiga picha, haijui mama aliweka shilingi ngapi. Inakisia kutokana na picha nyingine nyingi ilizofundishwa, halafu inachora 8 safi kabisa mahali ambapo palikuwa na 3. Kwa picha ya harusi, sawa, haina neno. Kwa daftari la akiba, usikubali. Tarakimu iliyofifia angalau inakuambia kwamba haijulikani. Iliyochorwa upya inakudanganya ikiwa safi.

MKITAKA KUNUNUA TV YA KIKUNDI

Vikundi kadhaa vimeniuliza juu ya TV, vingine kwa ajili ya mafunzo, vingine kwa mradi wa kuonyesha mpira. Dukani mtakuta maneno kwenye katoni. Maana yake ni hii:

HD ni nukta 1,280 kwa 720, karibu elfu 922. (TV nyingi ndogo zina 1,366 kwa 768, nazo huitwa HD.)
Full HD ni nukta 1,920 kwa 1,080, zaidi kidogo ya milioni 2.
4K ni nukta 3,840 kwa 2,160, zaidi ya milioni 8. Hizi ni mara nne ya Full HD.

Jambo la kwanza: inchi si nukta. Inchi ni ukubwa wa mkanda, nukta ni idadi ya shanga. Simu ya inchi 6.5 yenye nukta 720 kwa 1,600 ina nukta 270 hivi katika kila inchi. TV ya inchi 32 ya HD ina 49 tu katika kila inchi. Mbona basi TV haionekani mbaya? Kwa sababu simu unaishika mkononi, na TV unaitazama ukiwa ng'ambo ya chumba. Ni ule mkanda wa ngamia: ukiwa mbali shanga huzioni.

Jambo la pili: pimeni ukumbi wenu kabla ya kwenda dukani. Kwa TV ya inchi 43 ya Full HD, mtu mwenye macho mazuri akikaa mbali kupita mita 2 hawezi tena kutofautisha nukta moja na nyingine. Watu wenu wakikaa mita 4, zile nukta za ziada za 4K hawatazifaidi. Heri pesa hizo mnunue TV kubwa zaidi kwa inchi, ili mzee aliye nyuma aone maandishi. Na kama mnatumia umeme wa jua, ulizeni TV inakula wati ngapi, maana kioo kikubwa hula zaidi.

Jambo la tatu: someni katoni nyuma, mahali palipoandikwa rezolusheni, tena zile namba mbili zenyewe. Kuna TV huandikwa mbele kwamba "inakubali 4K." Kukubali ni kupokea picha ya 4K, halafu kuipunguza iingie katika kioo chenye nukta chache. Ukiona neno kubwa mbele bila namba mbili, muulize muuzaji. Akisita, nendeni duka lingine.

Jambo la nne: TV haiwezi kuonyesha shanga ambazo haikuletewa. Kama kituo kinarusha picha ya nukta chache, TV ya 4K itazitandaza tu, na pengine itaonekana mbaya kuliko kwenye TV ndogo. Nchini Kenya tulihama kwenda mawimbi ya dijitali. Mitambo ilizinduliwa Desemba 2009 na ile ya zamani ikazimwa mwaka 2015. Wengi walidhani dijitali maana yake ni picha yenye nukta nyingi. Dijitali ni njia ya kusafirisha picha kwa tarakimu. Nukta ni ngapi, hilo ni swali lingine.

NUKTA INAYOTAZAMA MALISHO

Wafugaji, hapa niwape moja yenu. Mmesikia bima ya mifugo, ile iliyoanza Marsabit mwaka 2010 na baadaye ikafika kwetu Isiolo. Bima hiyo hailipi kwa kuhesabu mizoga. Hutumia picha za setilaiti kuangalia ukijani wa ardhi. Picha hizo nazo zina pikseli. Katika picha za ukijani za kifaa kinachoitwa MODIS, nukta moja hufunika ardhi ya mita 250 kwa 250. Hizo ni kama ekari 15. Miti ya kando ya lugga, uwanda mkavu, boma lako, vyote vinakuwa rangi moja tu, na kisha nukta za eneo zima hujumlishwa pamoja.

Kwa hiyo ng'ombe wako setilaiti haimwoni. Hata boma hailioni. Mfugaji anaweza kupoteza mifugo huku eneo lake likihesabiwa kuwa na majani. Sisemi bima ni mbaya, imewasaidia watu. Nasema, ajenti akija, muulizeni: eneo langu linapimwa kubwa namna gani? Mwenye kuuliza hivyo ameelewa pikseli.

TUFANYE NINI?

1. Kila hati ipigwe picha peke yake, ukurasa mmoja kwa picha moja, nao ujaze kioo chote. Uwe mahali penye mwanga, simu isitikisike.

2. Kabla ya kufunga daftari, ikuze picha na umsomee mwenye daftari tarakimu ndogo kuliko zote. Isiposomeka, piga tena hapo hapo. Kesho haitasomeka zaidi.

3. Ukituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti ili isipunguzwe, au chagua HD, njia iliyoongezwa mwaka 2023. Picha ya skrini usiitumie kwa hati.

4. Picha ya kwanza usiifute. Ikae kwenye simu mbili za wanachama wawili wanaokaa mbalimbali.

5. Andikeni kiasi kwa tarakimu na kwa maneno. "Elfu moja mia nane" haiwezi kugeuka kuwa "elfu moja mia tatu," hata nukta zikipungua. Ushauri huu haugharimu hata senti.

Nimerudi kwa wale akina mama tangu siku ile. Sasa wanaandika kwa maneno, na kila mwisho wa mwezi mwanachama mmoja anashika simu, mwingine anasoma kwa sauti. Yule mama mjane ndiye anayesoma. Nilipomwomba radhi kwa zile shilingi 500 alicheka tu, akaniambia, "Dada, wewe piga picha polepole."



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Madaftari yetu yakiloa leo usiku, tuna picha zake? Zifungueni sasa, mzikuze. Tarakimu zote zinasomeka?
2. Ni nani anayetunza picha hizo, na akipoteza simu itakuwaje?
3. Kama tunataka TV, watu wetu watakaa umbali gani kutoka kwenye kioo? Tunahitaji inchi au tunahitaji nukta?
4. Je, kuna mwanachama aliyewahi kunyamaza ili kikundi kisivunjike? Tumemrudishia haki yake?